Zamu ya Saa 6 Battle Creek, 1930–1985: Wiki Fupi ya Kazi na Swali la Anayenufaika

Ikisiri

Insha hii inajadili iwapo wiki fupi ya kazi huwanufaisha wafanyakazi na waajiri kwa pamoja. Mjadala umejikita katika historia ya kiwanda cha nafaka za kifungua kinywa cha Kellogg kilichopo Battle Creek, katika jimbo la Michigan nchini Marekani. Katika kiwanda hicho zamu ya saa 8 ilibadilishwa kuwa ya saa 6 mwaka 1930, na utaratibu huo ukadumu, kwa sura mbalimbali, hadi mwaka 1985. Hoja kuu ni kwamba pande zote mbili zilinufaika katika miaka ya mwanzo, lakini manufaa hayo hayakutokana na kupunguzwa kwa saa peke yake. Yalitegemea jinsi gharama ya kila mfanyakazi ilivyohesabiwa, jinsi ujira ulivyolindwa, na thamani ambayo wafanyakazi wenyewe waliupa muda walioupata. Nguzo hizo zilipobadilika, saa 6 zilipoteza watetezi, ingawa hakuna aliyethibitisha kwamba zilikuwa zimeshindwa kiuzalishaji.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu wiki fupi ya kazi umerejea kwa nguvu katika karne ya 21. Ufaransa ilitunga sheria za wiki ya saa 35 mwaka 1998 na 2000. Iceland ilifanya majaribio kati ya mwaka 2015 na 2019 katika jiji la Reykjavík na katika taasisi za serikali, ambako wiki ya saa 40 ilipunguzwa hadi saa 35 au 36 bila kupunguza mshahara. Watetezi wa hatua hizi husema kwamba mfanyakazi aliyepumzika huzalisha zaidi. Wapinzani husema kwamba gharama humwangukia mwajiri na hatimaye mlaji. Udhaifu wa mjadala huu ni kwamba majaribio mengi yanayorejelewa ni ya muda mfupi. Jaribio la miaka michache linaweza kuonesha kinachotokea watu wanapopunguziwa saa, ila si rahisi lioneshe kinachotokea kizazi kimoja cha wafanyakazi kinapostaafu na kingine kuingia, au mwajiri mwenye imani na utaratibu fulani anapompisha asiye na imani nao.

Kiwanda cha Battle Creek kinaziba pengo hilo. Utaratibu wa saa 6 ulidumu hapo, kwa baadhi ya idara, kwa takriban miaka 55. Ulianza wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, ukasimamishwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ukarejeshwa kwa kura, kisha ukapungua idara baada ya idara. Mwanahistoria Benjamin Kline Hunnicutt, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu kiwanda hiki, aliusoma mchakato huo hasa kama historia ya kufifia kwa thamani ya wasaa mbele ya thamani ya kazi na ununuzi wa bidhaa. Insha hii inakubaliana na sehemu ya hoja yake, lakini inaweka mkazo katika jambo ambalo hufunikwa na maelezo ya kimaadili, nalo ni hesabu ya nani alilipa na nani alipokea.

Istilahi moja inahitaji kufafanuliwa. Katika insha hii, "saa 6" ni urefu wa zamu, si wakati wa siku. Kupunguza zamu kutoka saa 8 hadi 6 ni kuipunguza wiki ya kazi kwa robo, iwe kiwanda kinafanya kazi siku 5 au 6. Kwa sababu hiyo, zamu fupi inachukuliwa hapa kuwa aina mojawapo ya wiki fupi.

2.0 Usuli: hoja ya tija kabla ya mwaka 1930

Wazo kwamba saa chache zinaweza kuleta uzalishaji ule ule halikuzaliwa Battle Creek. Mnamo mwaka 1900, Ernst Abbe, aliyeongoza kiwanda cha vifaa vya macho cha Zeiss huko Jena, Ujerumani, alipunguza siku ya kazi kutoka saa 9 hadi 8. Alilinganisha mapato ya wafanyakazi 233 waliolipwa kwa kipimo cha kazi, mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada ya badiliko. Mapato yao kwa saa yaliongezeka kwa asilimia 16.2. Ili uzalishaji wa siku usishuke, ongezeko la asilimia 12.5 kwa saa lingetosha. Hivyo, siku ya saa 8 ilizalisha zaidi kidogo kuliko siku ya saa 9, kwa kiasi cha asilimia 3 hivi.

Ushahidi wa Jena una thamani kubwa, lakini una mipaka miwili. Kwanza, kazi iliyopimwa ilikuwa ya mikono yenye ustadi, ambapo mfanyakazi mwenyewe ndiye aliyeamua kasi. Pili, punguzo lilikuwa la saa moja tu kati ya 9. Kanuni ya Abbe ikipelekwa katika punguzo la saa 2 kati ya 8, uzalishaji kwa saa ungepaswa kupanda kwa asilimia 33 ili siku isipungue. Hicho ni kipimo kizito, na hakuna uchovu unaoweza kuondolewa kwa urahisi kiasi cha kukifikia. Kwa hiyo, kilichotokea Battle Creek hakiwezi kuelezwa kwa hoja ya uchovu peke yake. Ni lazima itafutwe hesabu nyingine.

Kwa upande wa Marekani, Henry Ford alikuwa ameingiza wiki ya siku 5 katika viwanda vyake mwaka 1926. Vyama vya wafanyakazi navyo vilikuwa vimedai saa 8 kwa miongo kadhaa. Mdororo ulioanza mwaka 1929 uliongeza hoja mpya, kwamba ikiwa kazi ni haba, basi na igawanywe. Tarehe 6 Aprili 1933, Baraza la Seneti lilipitisha, kwa kura 53 dhidi ya 30, muswada wa Seneta Hugo Black uliokusudia kuweka wiki ya saa 30. Muswada huo haukuwa sheria, kwa kuwa serikali ya Rais Franklin D. Roosevelt iliunga mkono njia nyingine. Jambo la kuzingatia ni kwamba, kwa kipindi kifupi, wiki ya saa 30 haikuwa ndoto ya wachache bali ilikuwa pendekezo lililokubaliwa na nusu moja ya bunge la taifa.

3.0 Uamuzi wa Desemba 1930 na hesabu ya mwajiri

Kampuni iliyoanzishwa na W. K. Kellogg mwaka 1906 ilianza zamu za saa 6 tarehe 1 Desemba 1930. Zamu 3 za saa 8 zikawa zamu 4 za saa 6. Rais wa kampuni wakati huo, Lewis J. Brown, alieleza kwamba badiliko hilo lingetoa ajira kwa wakuu wa familia takriban 300 zaidi katika mji huo. Ujira kwa saa uliongezwa kwa asilimia 12.5, na mwaka uliofuata ukaongezwa tena kwa kiwango hicho hicho.

Kiini cha uamuzi huu kinaonekana katika hesabu rahisi. Zamu 3 za saa 8 ni saa 24. Zamu 4 za saa 6 pia ni saa 24. Mashine hazikusimama. Muda uliofupishwa ulikuwa wa mwili wa mfanyakazi, na muda wa mtambo ulibaki kama ulivyokuwa. Hapa ndipo Battle Creek inapotofautiana na Jena. Abbe alihitaji kila mfanyakazi azalishe katika saa 8 kile alichozalisha katika saa 9, kwa sababu kiwanda chake kilifungwa mfanyakazi alipoondoka. Kellogg hakuhitaji hivyo. Alihitaji tu ongezeko la uzalishaji kwa saa lilingane na ongezeko la ujira kwa saa. Katika mwaka wa kwanza, kipimo hicho kilikuwa asilimia 12.5, yaani kilikuwa karibu na kile ambacho wafanyakazi wa Jena walikwisha kukivuka. Zaidi ya hayo, zamu ya saa 6 haikuhitaji mapumziko marefu ya chakula katikati, na hivyo muda uliolipwa bila uzalishaji ulipungua.

Mwaka 1935 kampuni ilitangaza matokeo ya miaka 5. Kwa mujibu wa taarifa zake, gharama za jumla za uendeshaji kwa kila kipimo cha bidhaa zilikuwa zimepungua kwa asilimia 25, gharama ya nguvukazi kwa kipimo hicho ilikuwa imepungua kwa asilimia 10, ajali zilikuwa zimepungua kwa asilimia 41, na idadi ya watu waliokuwa kazini ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 39 ikilinganishwa na mwaka 1929.

Takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Zilitolewa na mwajiri aliyekuwa na sababu ya kujisifu mbele ya umma. Aidha, kampuni iliongeza matangazo ya biashara wakati wa mdororo, na nafaka za kifungua kinywa ni chakula cha bei nafuu ambacho mahitaji yake hayakuporomoka kama ya magari au chuma. Sehemu ya ongezeko la ajira na punguzo la gharama za jumla kwa kila pakiti ilitokana na kukua kwa mauzo. Hata hivyo, takwimu hizo zinatosha kuthibitisha jambo moja dogo lakini muhimu: saa 6 hazikuizuia kampuni kukua. Punguzo la ajali nalo ni gumu kuelezwa kwa matangazo. Ajali huongezeka mwishoni mwa zamu ndefu, wakati umakini umepungua, na kuondoa saa mbili za mwisho ni kuondoa saa zenye hatari zaidi.

4.0 Hesabu ya mfanyakazi

Kwa mfanyakazi, hesabu ilikuwa na pande mbili. Upande wa ujira, ongezeko la asilimia 12.5 kwa saa halikufidia punguzo la robo ya saa. Aliyekuwa akilipwa sawa na vipimo 100 kwa siku ya saa 8 alipata takriban 84 kwa siku ya saa 6. Baada ya ongezeko la pili alikaribia 94 au 95, kutegemea msingi wa hesabu. Kwa hiyo, si sahihi kudai kwamba wafanyakazi walipata wasaa bila kulipa chochote. Katika mwaka wa kwanza walilipa sehemu inayohisika ya kipato chao, na walilipa wakati ambapo jirani zao wengi hawakuwa na kazi kabisa. Mshikamano na wasio na ajira ulikuwa sehemu ya makubaliano hayo, japo haukuandikwa popote katika kitabu cha hesabu.

Upande wa muda, ushahidi wa mapema unatoka kwa Idara ya Wanawake ya Wizara ya Kazi ya Marekani, ambayo wachunguzi wake waliwahoji wanawake wa kiwanda hicho mwaka 1932. Walio wengi sana walipendelea saa 6. Sababu walizotoa zilihusu nyumba, watoto, bustani, majirani, na kuhifadhi vyakula kwa ajili ya majira ya baridi. Lugha ya Kiswahili inasaidia kuona jambo ambalo takwimu za ajira hulificha. Kupika, kulea na kulima bustani ni kazi, ingawa si ajira. Saa mbili zilizotoka kiwandani hazikwenda zote katika mapumziko. Sehemu yake ilihamia katika kazi isiyo na ujira, na hiyo ilibebwa zaidi na wanawake. Kwa baadhi yao zamu fupi ilikuwa nafuu kwa sababu zamu ya pili, ya nyumbani, ilikuwa inawasubiri kwa vyovyote vile.

Tofauti hii ya matumizi ya muda ndiyo inayoeleza mgawanyiko uliojitokeza baadaye. Mwanamke alipoondoka kiwandani mapema, jamii ilijua anakwenda wapi na kufanya nini. Mwanamume alipoondoka mapema, jamii haikuwa na jina la heshima kwa muda huo. Mwajiri alilifahamu pengo hilo, na baada ya vita alilitumia.

5.0 Vita, kura na mgawanyiko

Mwezi Februari 1943, amri ya Rais Roosevelt iliweka wiki ya saa 48 kuwa kima cha chini katika maeneo yenye uhaba wa nguvukazi. Kiwanda kilirejea zamu za saa 8, na wafanyakazi walikubali kama mchango wa wakati wa vita. Matarajio yalikuwa kwamba saa 6 zingerudi amani ikirudi.

Vita vilipokwisha, uongozi uliokuwa madarakani haukuwa ule wa mwaka 1930, na haukuwa na shauku ya kurudi nyuma. Wafanyakazi walipopiga kura mwaka 1946, asilimia 77 ya wanaume na asilimia 87 ya wanawake walitaka saa 6. Kura hiyo ni ushahidi muhimu kuliko wowote katika historia hii, kwa sababu wapiga kura walikuwa wameonja taratibu zote mbili. Walijua ujira wa saa 8 na walijua muda wa saa 6. Hawakuchagua kwa kukisia.

Hata hivyo, saa 6 hazikurejea kwa uthabiti ule wa zamani. Uamuzi uliachwa kwa idara mojamoja, na kuanzia mwaka 1947 baadhi ya idara zilipiga kura kuchagua saa 8. Idara zenye wanaume wengi ndizo zilizotangulia. Hunnicutt anaonesha namna lugha ilivyobadilika katika kipindi hiki: idara zilizobaki na saa 6 zilianza kuitwa za wasichana, na wanaume waliozitetea walitajwa kuwa wavivu au wasio wanaume kamili. Kufikia mwaka 1957, sehemu kubwa ya wanaume ilikuwa imehamia saa 8.

Kupiga kura kwa idara kulikuwa na athari ya kimuundo. Kura ya kiwanda kizima iliwapa wingi wapenda saa 6, ilhali kura ya idara iliwagawa. Kila idara iliyohama iliongeza tofauti ya kipato kati ya majirani wa mji mmoja. Kipato cha saa 8 kilipokuwa kawaida ya mji, kilianza kupanga kodi, mikopo ya nyumba na kiwango cha maisha kilichohesabiwa kuwa cha heshima. Aliyebaki na saa 6 alijikuta akilipia wasaa wake zaidi kuliko mwaka 1930, ingawa saa zake hazikubadilika.

6.0 Sababu za mwajiri kugeuka

Kama saa 6 zilikuwa na manufaa kwa kampuni mwaka 1935, kwa nini hazikuwa na manufaa miaka 20 baadaye? Jibu la kwanza linatokana na sheria. Sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 iliweka wiki ya kawaida ya saa 44, ikashuka hadi saa 40 mwaka 1940, na kutaka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Ilikusudiwa kuwa dari, lakini pia ikawa sakafu ya mawazo: saa 40 zilianza kuhesabiwa kuwa wiki kamili, na pungufu ya hapo ikaonekana kuwa kazi ya nusu.

Jibu la pili ni muundo wa gharama. Mwaka 1930 gharama ya mfanyakazi ilikuwa karibu yote katika ujira wa saa. Kwa hiyo, watu 4 wa saa 6 waligharimu karibu sawa na watu 3 wa saa 8. Baada ya vita, vyama na waajiri walikubaliana kuongeza pensheni, bima ya afya na likizo ya malipo. Gharama hizi hufuata idadi ya vichwa zaidi kuliko idadi ya saa. Bima ya mtu wa saa 6 haiwi robo tatu ya bima ya mtu wa saa 8. Kwa hesabu hiyo mpya, kuajiri watu 4 mahali pa 3 kulikuwa mzigo, hata kama kila mmoja alifanya kazi kwa bidii ile ile. Ikumbukwe kwamba mafao hayo yalikuwa ushindi wa wafanyakazi. Ushindi mmoja ulidhoofisha mwingine, na hapakuwa na chombo kilichoziweka hesabu hizo mbili juu ya meza moja.

Katika miaka ya mwanzo ya 1980 kampuni iliweka bayana kwamba saa 6 zilizobaki zilikuwa kikwazo kwa kiwanda, na uwezekano wa kuhamishia kazi kwingine ukawa sehemu ya mazungumzo. Mwezi Februari 1985, wafanyakazi takriban 530, wengi wao wanawake, walikubali kwa kura kuacha saa 6. Baadhi yao waliziaga kwa mazishi ya mfano, jeneza likiwemo. Kura ya mwaka 1946 na ile ya mwaka 1985 zote ziliitwa hiari. Tofauti yake ni kwamba katika kura ya kwanza swali lilikuwa saa ngapi za kazi, na katika ya pili swali lilikuwa iwapo kazi yenyewe ingebaki.

7.0 Hitimisho

Historia ya Battle Creek haiungi mkono dai la jumla kwamba wiki fupi huwanufaisha wote, wala dai kwamba humdhuru mwajiri. Inaonesha kwamba katika miaka ya 1930 pande zote zilinufaika kwa masharti yanayoweza kutajwa: muda wa mtu ulitenganishwa na muda wa mashine, gharama ilifuata saa badala ya vichwa, ujira wa saa ulipandishwa hadi ukakaribia kufidia saa zilizopotea, na watu wasio na ajira walihesabiwa kuwa sehemu ya wanufaika. Masharti matatu kati ya hayo yalivunjika bila uamuzi wowote wa kupinga saa 6. Yalivunjwa na sheria, mafao na viwango vipya vya matumizi, kila kimoja kikiwa na mantiki yake.

Kwa watafiti, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, tija kwa saa ni kipimo kisichotosha. Ni lazima kiambatane na swali la gharama ya kila kichwa na anayeilipa. Pili, mfanyakazi si mmoja. Mgawanyiko wa kijinsia wa Battle Creek unaonesha kwamba manufaa ya muda hutegemea kazi inayomsubiri mtu nje ya ajira, na heshima ambayo jamii huipa kazi hiyo. Tatu, namna ya kuamua ni sehemu ya matokeo. Wafanyakazi walewale, wakipiga kura kwa pamoja, walichagua saa 6. Walipogawanywa kwa idara, walizipoteza hatua kwa hatua.

Mapendekezo ya sasa ya wiki ya siku 4 au ya saa 35 yanapaswa kupimwa kwa vigezo hivyo. Jaribio linaloonesha wafanyakazi wenye furaha na uzalishaji usioshuka limejibu nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni kama makubaliano hayo yatastahimili mwajiri mpya, bima mpya na jirani anayelipwa zaidi. Battle Creek, katika miaka ya 1930, nusu hiyo ya swali haikuulizwa, na waliobaki na jukumu la kuijibu miaka 50 baadaye walikuwa wachache mno kuweza kushinda kura.